Binti anampa Mungu shikamoo, kaka yake anakemea mapepo: nifanyeje?

Habari zenu washauri,

Mimi ni mama wa watoto wawili, tunaishi Moshi mjini. Nimelelewa kanisa la Kilutheri, KKKT, Machame. Mume wangu ni Mkatoliki wa Kibosho, na tulipofunga ndoa nilihamia kwao. Watoto wote wamebatizwa huko. Binti ana miaka 6, yuko darasa la kwanza. Kaka yake ana miaka 9, yuko la tatu na ameanza mafundisho ya Komunyo ya Kwanza.

Baba mkwe alifariki mwaka jana mwezi wa tisa, tukamzika kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, Kibosho. Baada ya arobaini tukamchukua mama mkwe aje akae nasi. Tangu aje, saa mbili usiku tunasali rozari nzima sebuleni, familia yote, na hapo ndipo ugomvi unapoanzia.

Binti akipewa nafasi ya kuomba kwa maneno yake, anaanza: "Shikamoo Mungu." Kisha ananyamaza kidogo, kama anasubiri aitikiwe. Halafu anamuuliza kama ameshakula. Juzi alimweleza kwamba paka wa jirani amezaa watatu na mmoja hana mkia. Kila siku anamalizia hivi: "Naomba umrudishe Babu, na usimwache apate baridi." Mama mkwe anawaka. Anasema mtoto anamfanyia Mungu mzaha na kwamba mimi sikumfunza. Kwenye Baba Yetu binti huyohuyo leo anasema "ufalme wako ufike", kesho "ufalme wako uje" kwa sababu mimi ndivyo nilivyozoea. Kwenye Salamu Maria anasema "Yesu mzazi wa tumbo lako". Bibi anamkatisha papo hapo na kumrudisha mwanzo mpaka apatie. Wiki hii alilia, akasema hataki tena kusali.

Kaka yake ni kinyume. Nyumba ya pili kuna kikundi cha maombi chenye spika, naye amewaiga. Anakwaruza sauti, "Toka! Toka kwa jina la Yesu!", anamwekea mdogo wake mkono kwenye paji la uso na kumsukuma mpaka aanguke. Majuzi binti alishikwa na homa usiku. Badala ya kutuamsha, kaka yake alikaa pembeni ya kitanda anamkemea pepo wa homa. Halafu aliomba awe wa kwanza darasani, akatoka wa 14. Sasa anasema kusali kimoyomoyo hakufanyi kazi, mpaka upige kelele.

Mume wangu anasema ni utoto, yatapita. Nifanye nini?

Mama Wawili, Moshi

*

Mama Wawili, pole na msiba, na poleni nyumba nzima.

Tuanze na binti, maana aliyefika mahali pa kukataa kusali ni yeye.

Shikamoo yake si mzaha. Mtoto wa miaka 6 aliyekulia Moshi amefundishwa namna moja ya kumheshimu mkubwa, na ameipeleka kwa mkubwa kuliko wote. Kunyamaza kwake ni adabu ileile: umeamkia, unasubiri marahaba. Kuuliza kama ameshakula amekusikieni nyinyi mkimuuliza kila anayeingia mlangoni. Angetaka kumletea Mungu mzaha angesema "mambo", neno ambalo bila shaka analijua vizuri.

Wala usiogope kwamba hajui tofauti ya Mungu na mjomba. Mwaka 2001 Justin Barrett na wenzake walichapisha utafiti ambamo waliwaonyesha watoto boksi la biskuti ambalo ndani yake kulikuwa na mawe, kisha wakawauliza: mama yako ambaye hajachungulia atadhani kuna nini humu? Na Mungu je? Watoto wa miaka 5 na 6 kwa kawaida walijibu kwamba mama atadhani ni biskuti, lakini Mungu atajua ni mawe. Mnaweza kujaribu hapo nyumbani kwa kopo la majani ya chai lililotiwa maharage. Huenda huyohuyo anayemuuliza Mungu kama amekula akakwambia bila kusita kwamba Mungu haoni kwa kuchungulia. Kichwani mwa mtoto mambo hayo mawili hukaa pamoja bila kugombana.

Ukitaka kujua kila mmoja yuko wapi, kuna kazi ya zamani ya Diane Long, David Elkind na Bernard Spilka ya mwaka 1967. Waliwauliza watoto wa Marekani wa miaka 5 hadi 12 sala ni nini. Wa miaka 5 hadi 7 walijua tu kwamba ni kitu kinachohusu Mungu, chenye maneno fulani. Wa miaka 7 hadi 9 waliiona sala kama tendo lenye mahali, mkao na maneno yake, na tena la kuombea vitu. Kuanzia miaka 9 au 10 walianza kuiona kama mazungumzo ya ndani ya mtu na Mungu, mambo ambayo humwambii kila mtu. Miaka hiyo usiichukue kama ukuta, watoto hutangulia na kuchelewa. Lakini itazame nyumba yako: binti yuko kundi la kwanza, na kijana bado anadhani nguvu ya sala iko kwenye sauti na mkono. Kwa umri wake hilo halishangazi.

Sasa kukatishwa. Mtoto anayerudishwa mwanzo kila akikosea hajifunzi mstari aliokosea, anajifunza kwamba sala ni mtihani wa mdomo mbele ya hadhara. Wekeni sharti moja: tangu ishara ya msalaba ya kuanza hadi ya kumaliza, hakuna anayemsahihisha mtu. Makosa yarekebishwe mchana, wakati wa kuosha vyombo au njiani kwenda dukani, mstari mmoja kwa wiki. Mtoto hukariri kwa sikio, na kwenye kundi la watu wazima wanaosali haraka sikio lake hupata mkumbo wa sauti. Hapo "mzao", neno asilolisikia popote pengine, hugeuka "mzazi", ambalo analisikia kila kikao cha shule. Kumpigia kelele hakutamsaidia kulisikia vizuri. Mwambie kwanza maana yake: mzao wa tumbo ni mtoto aliyezaliwa, na wewe ni mzao wa tumbo langu. Kisha mfundishe kutokea nyuma: "lako amebarikiwa", halafu "wa tumbo lako amebarikiwa", halafu "mzao wa tumbo lako amebarikiwa". Kwa njia hiyo kila mara anaelekea kwenye maneno aliyokwisha kuyajua, hakwami katikati.

Kuhusu "ufike" na "uje", usimwambie kwamba moja ni kosa. Mwambie: kanisani kwenu mnasema ufike, kanisani kwa kina mama wanasema uje, na Mungu anazisikia zote. Nyumbani, kwenye sala ya pamoja, chagueni moja. Kwa kuwa atakwenda kusali parokiani na wenzake wa Utoto Mtakatifu, kikundi cha watoto Wakatoliki, chagueni ya kanisa lake, nawe ujizoeze. Akiwa peke yake nawe chumbani, sali ulivyozoea.

Kukariri wala si adui wa maneno yake mwenyewe. Jirani zenu Waislamu wanalijua hili: mtoto wa madrasa huhifadhi Suratul Fatiha, aya 7 za Kiarabu, kabla hajajua maana yake, na bado akimaliza swala huinua mikono akaomba dua kwa Kiswahili chake. Binti apewe vyote viwili, ila vitenganishwe. Maneno yake yatangulie, kabla usingizi haujamshika, dakika mbili tatu. Awe huru kuleta habari za paka asiye na mkia. Kisha rozari, na hapa tunashauri mpunguze. Rozari nzima ina Baba Yetu 6 na Salamu Maria 53, si chini ya dakika 20 hata kwa wanaokimbia. Mtoto wa miaka 6 apewe tendo moja: Baba Yetu 1, Salamu Maria 10, Atukuzwe 1, yaani kama dakika nne. Anzeni saa moja na nusu. Tendo lake likiisha aende kulala, wakubwa wamalizie manne yaliyobaki.

Tuna sababu nyingine ya kulisema hili. Kila Salamu Maria inaisha na "sasa na saa ya kufa kwetu". Mtoto aliyefiwa na babu yake analisikia neno kufa mara 53 kila usiku kabla ya kwenda kulala, na pengine hakuna aliyekaa naye akamweleza kufa ni nini. Mpeni aongoze nusu ya kwanza ya sala, ninyi muitikie ya pili. Hapo kinywani mwake kutakuwa na "umejaa neema", na kile kifungu cha "mzao" alichojifunza mchana atakitumia mara 10.

Na sasa Babu, ambalo kwetu ndilo kubwa kuliko yote uliyoandika.

Watoto wengi hushika kati ya miaka 5 na 7 kwamba aliyekufa harudi, mwili wake haufanyi kazi tena, na kila mtu atakufa. Binti yako yuko katikati ya kulishika hilo. Anapoomba Babu arudishwe, halafu akaombea asipate baridi, anatuambia anaamini Babu yuko pale Kibosho chini ya udongo, hai, na usiku kule mlimani ni baridi kweli. Huenda alisikia msibani "Babu amelala hapa", na yeye analala na blanketi. Hana kosa la kiimani la kukemewa, ila kuna jambo hajaambiwa.

Mweleze wewe au baba yake, mchana, akiwa ameshiba: "Babu amekufa. Mwili wake umeacha kufanya kazi. Hapumui, hasikii njaa, hasikii baridi, hasikii maumivu. Hatarudi nyumbani. Tunaamini yuko kwa Mungu." Kwa mpangilio huo, mwili kwanza na imani baadaye. Ukianza na "yuko kwa Mungu" na kuishia hapo, atauliza mbona mlimfukia. Tumia neno "amekufa". "Amelala" humfanya mtoto aogope kulala, na "amesafiri" humfanya asubiri basi. Ile kauli ya misibani, "sisi tulimpenda lakini Mungu kampenda zaidi", humtuliza mtu mzima, lakini mtoto wa miaka 6 huisikia kama onyo: Mungu akinipenda sana atanichukua. Tegemea atauliza tena kesho, na wiki ijayo, maswali yaleyale. Mjibu kwa maneno yaleyale, usibadilishe ili kumridhisha.

Usimkataze kuombea Babu arudi. Akiomba hivyo, nyamaza mpaka aseme amina, kisha mwambie, "Unamkumbuka sana Babu," uache aongee. Pamoja na hilo mpe maneno mengine ya kumbeba. Wakatoliki wanayo tayari, mafupi: "Raha ya milele umpe ee Bwana, na mwanga wa milele umwangazie, apumzike kwa amani." Kwa kuwa umelelewa Kilutheri huenda kuombea marehemu kunakupa shida. Basi sehemu yako iwe shukrani: "Asante Mungu kwa Babu, aliyetufundisha..." na kila mtu ataje jambo moja. Hakuna wa upande wowote atakayeikataa.

Kijana yeye si mgonjwa wala hana pepo. Ameona watu wazima wanaoheshimiwa wakisali kwa nguvu, akadaka. Usimcheke, na usimwambie wale jirani ni waongo, maana kesho atawaambia. Lakini mikono iwe na mpaka, na mpaka uanze leo: hamsukumi mtu, hamshiki mtu kichwa, na hamwambii mdogo wake kwamba ana pepo. Mtoto wa miaka 6 akiambiwa mara kumi kwamba ana pepo, ataamini. Kwa kuwa anasoma mafundisho ya Komunyo, kuna hoja itakayomwingia: katika Kanisa lake hata padre haruhusiwi kupunga pepo bila kibali maalumu cha askofu, ni kanuni ya 1172 ya sheria za Kanisa. Mwambie amuulize katekista. Vijana wa miaka 9 hupenda sana sheria, na hiyo atawahubiria wenzake wiki nzima.

Homa isemwe peke yake, na baba yake awepo. Mdogo akichemka, jambo la kwanza ni kumwamsha mtu mzima, halafu ndipo asali akitaka. Mtoto mwenye homa apimwe malaria ndani ya saa 24. Na akipata degedege, ambayo watu wengi huidhania pepo, alazwe ubavu, asiwekewe kitu chochote mdomoni, apelekwe hospitali. Mfanye kijana arudie kwa maneno yake: "Naita, kisha nasali." Mpangilio huu haudharau sala yake, unaipa tu mahali pake.

Kuhusu kutoka wa 14: usimwambie hakuomba kwa imani. Sentensi hiyo humfanya mtoto ajichunguze usiku kucha, na wengine huanza kurudiarudia sala mpaka waone imetoka sawa. Muulize badala yake, "Darasa zima likiomba namba moja, Mungu ampe nani?" Umri wake unatosha kulitafuna. Kisha mgeuzeni ombi kutoka matokeo kwenda kazi: anasoma dakika 30, halafu anaomba atulie na akumbuke alichosoma. Kuhusu kelele, mfungulieni Biblia. Katika 1 Samweli 1:13 Hana anasali midomo ikichezacheza, sauti haisikiki, na Eli anamdhania amelewa, lakini alichoomba akapewa. Mathayo 6:6 unasema uingie chumbani, ufunge mlango. Mpeni basi dakika moja ya kimya kwenye sala ya jioni, mkiipima kwa saa ya ukutani. Mwanzoni atacheka au atajikuna. Msimkemee, dakika ni ndefu kwa mtoto.

Neno la pembeni kwako na kwa baba yao. Kama mmezoea kusema "Mungu anakuona" au "Mungu atakuchapa" sukari ikipungua kwenye kopo, acheni. Mtoto aliyepewa Mungu mwenye fimbo hatamweleza habari za paka.

Mengi ya haya yatapita kama mume wako anavyosema, lakini si yote. Sikilizeni sana kama mtoto akianza kurudia sala mara nyingi kwa hofu, akalazimika kuanza upya kila akikosea neno, na mambo hayo yakamla zaidi ya saa nzima kwa siku. Huyo anahitaji kuonwa na mtaalamu wa afya ya akili, si kuongezewa sala. Sikilizeni pia maombi ya aina ya "Mungu, naomba fulani asije tena nyumbani" au "asinishike tena". Mtoto humwambia Mungu kwa sauti jambo analoogopa kumwambia mama, akijua mama yupo anasikia. Msiruke wala kupiga kelele. Baada ya amina, mkiwa wawili, muulize, "Niambie kuhusu fulani," kisha nyamaza. Simu kwa Mtoto ni namba 116, bure.

Limebaki la mama mkwe. Huyu mama amefiwa na mume, amehama nyumba yake, na kila usiku mbele ya wote mjukuu anaomba kwa sauti jambo lilelile ambalo huenda yeye mwenyewe analiomba kimoyomoyo. Tunahisi hasira yake ya shikamoo inatoka hapo zaidi kuliko kwenye adabu. Kwa hiyo msimnyang'anye rozari, mpeni kazi ambayo hakuna mwingine anayeiweza: awasimulie watoto Babu alikuwa nani, alisali vipi, alilima nini pale kihambani. Kwenye tendo analoongoza binti, Bibi awe ndiye wa kumsindikiza, wamekaa pamoja, tasbihi moja mikononi mwa wote wawili. Binti akikosea, Bibi aendelee tu kwa sauti ya kawaida na neno sahihi, bila kusimama.

Haya yote ayaseme mume wako, kwa kuwa ni mama yake. Ukisema wewe itakuwa mkwe aliyelelewa kanisa lingine anamfundisha mama wa watu kusali. Akamwone peke yake, asubuhi, watoto wakiwa shuleni, aanze na pole kabla ya kufika kwenye rozari. Na asitaje kwamba uliandika huku.